Kadi ya 797 231

Sitaki kujipamba. Nilikuwa msichana mwenye wivu, na hata leo, nikiwa mwalimu wa hesabu mwenye ufunguo wa kabati la shule, wivu haujaniacha; umekonda kidogo tu. Nalisema mapema kwa sababu watu wakiandika habari zao za zamani hujichagulia nafasi ya mtu mwema. Katika habari hii nafasi hiyo ilishachukuliwa na mwingine.

Yote yanahusu namba mbili. Yangu ilikuwa 720 720. Ya mwenzangu wa benchi ilikuwa 797 231. Najua kwa mpita njia hizo ni namba tu, kama zile zilizopigwa muhuri ubavuni mwa magunia ya saruji. Mimi kwa ajili ya hizo mbili nilikosa usingizi, nilikosa haya, na mara moja niliunguza maharagwe ya watu sita.

Mwalimu wetu wa hesabu tulimwita Prof, kama wanavyoitwa wote wa sekondari hapa Bunia. Alizaliwa Kilo, baba yake akiwa mfanyakazi wa mgodi wa dhahabu, na maneno yake mengi yalitoka huko. Alisema namba kubwa ni kama mchanga wa mtoni: usiseme ina kitu wala haina kitu kabla hujaiosha. Kuosha namba, kwake, kulikuwa kuigawanya kwa namba tasa moja baada ya nyingine, zile ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, na kuendelea mpaka ufike pale ambapo kuendelea ni kujichosha bure. Ikigawanyika bila baki hata mara moja, imekwisha, si tasa. Ikizikataa zote, nayo ni tasa, na darasa zima linapiga kelele.

Alikuwa na desturi yake. Miezi mitatu kabla ya mtihani wa mwisho wa sekondari, aliwaita wanafunzi wa darasa la sita, la kumalizia sekondari, mbele, mmoja mmoja, akawapa kila mtu kikaratasi kilichokunjwa. Ndani yake mna namba moja, na kazi yako ni kuitengenezea kadi.

"Hata namba iko na haki ya carte," alikuwa akisema. "Hapana weye tu na carte yako ya électeur, ya kupiga kura."

Kwenye kadi unaandika kama namba inagawanyika kwa mbili au la, jumla ya tarakimu zake, kama ni tasa au siyo, na vigawanyo vyake vyote. Kisha unavijumlisha vigawanyo hivyo, ukiiacha namba yenyewe, uone kama jumla inapungua, inalingana nayo au inaizidi. Inayopungua tuliiita déficient, inayolingana parfait, inayozidi abondant. Chini kabisa mna mistari miwili, mmoja wa mwenye namba na mmoja wa mhakiki. Mhakiki, au vérificateur, alikuwa mwenzako wa benchi. Anaiosha namba yako upya, yote, na siku ya kusoma kadi anasimama baada yako, anasema, "Niliosha, njo vile," yaani ndivyo ilivyo, na anasaini mbele ya watu. Kile kikaratasi cha kwanza kinabanwa nyuma ya kadi kwa pini, na kadi inaingia kwenye kabati la chuma. Kwa Prof, kadi isiyo na saini ya pili ilikuwa porojo.

Mwaka wetu kulikuwa na jambo lingine juu ya hilo. Mwalimu wa hesabu wa darasa la saba, ambalo kwetu ndilo la kuanzia sekondari, alikuwa amehama, na préfet, yaani mkuu wa shule, alimwambia Prof achague mmoja wetu abaki kufundisha hapo. Nyumbani kwetu, mtaa wa Bigo, hakukuwa na mpango wa chuo. Kwangu ilikuwa ama chaki, ama kukaa sokoni na mama nyuma ya beseni la unga wa muhogo. Sina neno na unga wa muhogo, umenilea. Lakini chaki niliitaka mpaka niliiota.

Na ningeipata bila jasho, maana tangu nianze sekondari nilikuwa wa kwanza. Basi katika darasa la tano ikaja familia moja kutoka upande wa Butembo. Baba akafungua duka la misumari na mabati, na binti yao akaletwa shuleni kwetu. Tulikuwa kumi na watano, na mimi peke yangu nilikuwa na benchi zima. Prof akamleta akaketi kwangu, tukawa kumi na sita. Mwisho wa muhula wa kwanza nikawa wa pili.

Alikuwa na kila kitu cha kumchukia isipokuwa tabia mbaya. Aligawanya namba za tarakimu sita kichwani huku akichana nywele. Alikuwa na sweta ya buluu ambayo haikuchakaa. Mwandiko wake ulikuwa mwepesi, hakukandamiza kalamu, na ukigeuza karatasi yake upande wa pili ni safi unaweza kuuandikia tena. Mimi nikiandika, upande wa pili unasomeka kwa vidole. Mama alikuwa akisema naandika kama ninayelima. Mama huyo huyo, siku mwenzangu alipofika kwetu mara ya kwanza, alibaki akimsifu hadi chakula kikapoa.

"Ule mutoto wa benchi yako anasalimiaka na mikono mbili," alisema. "Weye kwenu walikufundishaka nini?"

"Kwetu ni hapa, mama," nilimjibu.

Alinirushia kitambaa cha kufutia sufuria, na nilistahili.

Siku ya vikaratasi nilikifungua changu nikaona 720 720. Nilidhani ni mzaha. Mia saba ishirini imeandikwa mara mbili, kama kazi ya mtu aliyechoka kufikiri. Hata mtoto wa darasa la nne la shule ya msingi angeona inagawanyika kwa mbili, tatu, tano na kumi. Niliijaribu kwa saba, ikakubali. Kumi na moja, ikakubali. Kumi na tatu, ikakubali. Ilikuwa namba isiyojua kusema hapana. Nikachungulia kikaratasi cha jirani: 797 231. Haigawanyiki kwa mbili wala kwa tano, ukijumlisha tarakimu zake unapata ishirini na tisa, basi hata tatu imekataliwa mlangoni. Ilikuwa na uso wa namba tasa kabisa. Prof alimpa yeye lulu, mimi akanipa debe la mahindi. Roho iliniuma.

"Ya kwako iko muzuri, dada," mwenzangu aliniambia. "Inakubali kila mutu."

Nililichukua neno hilo kama tusi.

Ili aioshe namba yake alihitaji orodha ya namba tasa, na orodha ilikuwa kwangu. Nilikuwa kiongozi wa darasa, na ni kiongozi peke yake aliyeruhusiwa kunakili orodha kutoka kwenye rejista kubwa ya Prof. Niliinakili mwaka mmoja kabla, nikiwa bado wa kwanza, na niliitunza kama wengine wanavyotunza cheti cha ubatizo. Alipoiomba nilitaka kukataa, ila Prof alikuwa anasikia. Nikampa. Kwa wiki mbili nilimwona kwenye kaunta ya duka la baba yake, kati ya wateja wa misumari, akigawanya.

Katikati ya wiki hizo alihakiki kadi yangu. Nilikuwa nimeorodhesha vigawanyo vya 720 720 kurasa nne, mia mbili thelathini na tisa, na nilijiona shujaa. Alinijia mapumzikoni, akanivuta pembeni ya darasa.

"Dada, 630 iko mujane."

"Mujane namna gani?"

"Kila diviseur iko na mwenzake. Unawazidisha wawili, unapata namba yako. 630 niliitafutia bwana, sikumuona. Bwana yake ni 1 144. Ulimusahau."

Nilipiga hesabu pale pale nikitumaini amekosea. Hakukosea. Wakawa mia mbili arobaini, jozi mia na ishirini, hakuna mjane. Hakumwambia mtu yeyote. Alinipa hata kifutio chake. Mtu akikufanyia wema wa namna hiyo na wewe tayari humpendi, unamchukia maradufu, kwa sababu sasa unamchukia bila sababu na unajua. Nilimshukuru kwa mdomo.

Kisha ikafika zamu yangu kumhakiki yeye. Alinipa daftari lake siku ya Jumamosi. Mama alikuwa sokoni, nami nilikuwa nimekaa jikoni, maharagwe yako kwenye makaa, daftari liko magotini. Lilikuwa daftari la kutia hasira: kila mgawanyo umepangwa vizuri, kila baki limezungushiwa duara dogo, kuanzia tatu mpaka 887. Baada ya hapo hakukuwa na haja ya kuendelea, kwa kuwa 893 ikizidishwa kwa yenyewe inaipita 797 231. Hakuna baki lililokuwa sifuri. Chini aliandika: nombre premier, namba tasa.

Nikahesabu migawanyo, na ile ya mbili nikaiweka pamoja nayo ingawa hakuna aliyeihitaji. Mia na hamsini na tatu. Nikahesabu tena. Sasa, pembeni ya rejista ya Prof palikuwa pameandikwa kwa wino mwekundu kwamba namba tasa mpaka mia tisa ni mia na hamsini na nne, na mimi ndiye peke yangu darasani niliyepata kuliona neno hilo. Ilipungua moja. Nilipita kwa kidole, mgawanyo baada ya mgawanyo, mpaka nikafika 773, na baada yake 797.

787 haikuwepo.

Na kosa lilikuwa langu. Kwenye rejista, 787 ilikuwa ya mwisho chini ya ukurasa, na 797 ya kwanza juu ya ukurasa unaofuata. Nilipogeuza ukurasa jicho langu lilishika ile 797 likaidhani ndiyo niliyokuwa naelekea kuiandika. Kosa la mnakili, dogo kama punje. Orodha niliyoitunza kama cheti cha ubatizo ilikuwa na tundu.

Nilichukua penseli. Pembeni ya daftari lake, kando ya mgawanyo wa 773, niligawanya. 787 katika 797 ni mara moja, inabaki kumi. Shusha mbili, mia moja na mbili, sifuri. Shusha tatu, elfu moja ishirini na tatu, mara moja, inabaki mia mbili thelathini na sita. Shusha moja. Elfu mbili mia tatu sitini na moja. Mara tatu, na mara tatu ya 787 ni 2 361. Sifuri. Namba yake haikuwa tasa. Ilikuwa 787 mara 1 013.

Nasema kweli yangu: nilicheka. Peke yangu jikoni, nilicheka mpaka nikasikia harufu ya maharagwe kuungua, na hata hapo sikuinuka haraka. Lulu yake ilikuwa kokoto mbili zilizogandana.

Baada ya kicheko nilianza kupanga. Nikimwambia, ataongeza mgawanyo mmoja, atasahihisha kadi, na darasa litampigia makofi, halafu itajulikana kwamba orodha mbovu ilikuwa yangu. Nisipomwambia, atasimama aseme ni tasa. Prof ndiye aliyeitoa ile namba, lazima anaijua ndani na nje. Atamkatiza hapo hapo. Kosa la mwenye kadi ni kubwa, la mhakiki ni dogo. Nitasema na mimi nilipitiwa. Niliufuta ule mgawanyo wangu kwa kifutio chake mwenyewe, kile alichonipa. Nikapuliza mavumbi ya kifutio, nikafunga daftari.

Siku ya kadi madirisha yalijaa vichwa vya madarasa mengine. Nilisoma yangu, jumla ya vigawanyo vyake inaizidi namba yenyewe zaidi ya mara tatu, abondant, mwenzangu akasimama akasema, "Niliosha, njo vile," akasaini kwa mkono wake mwepesi. Makofi yalikuwa ya heshima. Halafu yeye akasoma. Alipofika penye neno premier, vijana wa dirishani waligonga mbao, wasichana wakapiga vigelegele, na mtu akaimba. Mimi nilisimama.

"Niliosha, njo vile."

Nikasaini. Nikamtazama Prof, nikingoja amkatize. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Aliitazama kadi. Kisha hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Bon," alisema, na akaita benchi linalofuata.

Siku mbili baadaye préfet alisoma jina la atakayebaki kufundisha darasa la saba. Lilikuwa langu. Nilielewa mambo hivi: Prof ameliona kosa, hakutaka kumwaibisha mgeni mbele ya watu, akamwadhibu kimya kimya kwa kunipa mimi kazi. Mwenzangu alinikumbatia. Baada ya mtihani akaenda Aru, mpakani, kwa mjomba wake, akajifunza kazi ya kutayarisha karatasi za forodha za wenye magari makubwa. Leo ana ofisi yake. Najua kwa sababu kila asubuhi naangalia picha anazoweka kwenye simu, na kila asubuhi najiambia sitaangalia tena. Ana kiti kinachozunguka. Ana sweta nyingine ya buluu.

Nimefundisha miaka tisa sasa. Na kila mwanzo wa mwaka wa shule, Prof aliponikabidhi chaki, aliniuliza swali lile lile huku akielekeza kidevu upande wa kabati.

"Hakuna kitu ulibakisha kusaini mule mu armoire?"

"Hapana, Prof. Bulletin zote za wanafunzi nilisha kusaini."

"Bon," anasema.

Nilidhani ni uzee. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilienda taratibu sana, lakini zilienda.

Mwaka huu Prof amestaafu. Préfet wa sasa, mtu wa sherehe, aliamua siku ya kumuaga tutundike ukutani kadi zote za kabati la chuma, na wanafunzi wa zamani waje kila mmoja asome ya kwake upya. Akanipa ufunguo na orodha ya walioitikia mwaliko. Jina la tatu lilikuwa la mtu wa Aru.

Siku hizi mtoto wa darasa la saba ana simu inayoweza kuosha 797 231 kabla hujamaliza kuitaja. Ile kadi ikitundikwa, saa hiyo hiyo mtu atasema 787 mara 1 013, na macho yatateremka kwenye mstari wa mhakiki, na hapo patakuwa na jina la mwalimu wao wa hesabu. Watoto wangu wangeweza kunisamehe kupitiwa. Lakini yeye angekuwa amesimama pale pale, na angeniuliza kwa upole wake ule, na sikuwa na uhakika kwamba uso wangu ungejua kudanganya mara ya pili. Niliamua kuiondoa. Ningesema panya.

Nilikwenda shuleni Jumamosi mchana, peke yangu. Kadi zilikuwa zimefungwa mafungu mafungu kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Nililipata fungu letu, kadi kumi na sita, nikaifikia yake.

Haikuwa ile niliyosaini. Ilikuwa kadi nyingine, mwandiko mwepesi ule ule, na tarehe yake ilikuwa wiki moja baada ya siku ya kusoma. 797 231. Si premier. 787 mara 1 013. Vigawanyo vinne. Jumla bila yenyewe: 1 801. Déficient. Chini yake: "787 haikukuwa mu liste." Hakuandika ni orodha ya nani. Kwenye mstari wa mwenye namba alisaini. Mstari wa mhakiki ulikuwa mtupu, na kando yake Prof alikuwa ameweka nukta nyekundu, kama anavyoweka mahali anapomngoja mtu. Kadi ya zamani, yenye saini yangu, ilikuwa imekunjwa nyuma yake.

Basi walijua. Wote wawili, tangu wiki ile. Nilikaa kwenye benchi la mbele.

Kisha nikatafuta kadi yangu, sijui kwa nini, labda kuona kama nayo ilikuwa na nukta. Haikuwa nayo. Ila pini ilikuwa imelegea, na kile kikaratasi cha kwanza kikaanguka, mgongo juu. Kumbe tangu nilipokifungua sikuwa nimekigeuza hata siku moja. Nilikibana nyuma ya kadi kwa dharau. Nyuma yake palikuwa na wino mwekundu: "Kwa atakayebaki kufundisha. 1 mpaka 16."

Ilinibidi nifanye hesabu ndipo nielewe, mimi mwalimu. 720 720 inagawanyika kwa moja, kwa mbili, kwa tatu, na zote mpaka kumi na sita, na hakuna namba ndogo kuliko hiyo inayoweza. Darasa letu lilikuwa na watu kumi na sita. Waje wote au waje watano, wagawanye wapendavyo, kila mtu anapata sawa na hakuna baki. Prof aliitafuta hiyo namba. Alinichagua siku ya vikaratasi, wiki kadhaa kabla sijadanganya. Niliiba kitu ambacho tayari kilikuwa mfukoni mwangu.

Nililia, na ningependa kusema kwamba nililia kwa toba tu. Kulikuwa na hasira pia. Angeweza kuniambia.

Nilipomaliza kulia nikachukua penseli na karatasi, nikazidisha 787 kwa 1 013. Nilizidisha mara mbili, nikitumaini, Mungu anisamehe, kwamba katika kadi ile ya pili kuna mahali amekosea. Hakukosea.

Sikuitoa. Nilitundika zote mbili, mpya na ya zamani, kando kando, kwenye ukuta ulio mbele ya mlango.

Siku ya sherehe alifika na vumbi la barabara ya Aru kwenye viatu. Alimsalimia Prof, aliyekuwa ameketishwa mbele kwenye kiti cha préfet, akanisalimia mimi kwa mikono miwili, akaenda moja kwa moja ukutani. Alizitazama kadi mbili, akatabasamu, akainua kidole kwenye mstari mtupu.

"Dada, ulisha kuvérifier?"

"Mara mbili," nikamwambia. "Uko sawa." Halafu, kwa kuwa Prof alikuwa anasikia, na watoto wangu wa darasa la saba walikuwa wanasikia, nikasema lililobaki. "Hata ile mara ya kwanza nilijua. Nilijua haiko premier, na nilisaini."

Yeye hakushtuka hata kidogo.

"Najua," alisema. "Uliponirudishia cahier, baada ya kusoma carte, niligeuza ukurasa, nikasikia bitu chini ya vidole. Weye unaandikaka kwa nguvu. Ulifuta, lakini division yote ilibakia mu karatasi. Niliisoma na mikono kama kipofu."

"Kwa nini haukusema?"

"Siku ya kusoma ilisha kupita. Nilimupelekea Prof carte mupya. Akasema, tungojee vérificateur, atakuya yeye mwenyewe." Alicheka kidogo. "Sikujua atatembea myaka tisa."

Watoto wangu walicheka pia, na mimi sikujua niweke wapi mikono. Prof alitoa kalamu mfukoni mwa shati, akanyoosha mkono bila kuinuka. Mwenzangu aliichukua akanipa.

"Na ile division," alisema, polepole, ili wote wasikie, "ilikuwa ya kwako. Mi nilikopia tu. Njo weye uliipata 787."

Hata hapo. Hata mahali pa kuungama kosa langu alinitangulia, na akaniachia mimi sifa. Nilishika kalamu, nikaegemeza kadi ukutani, nikakandamiza kama kawaida yangu. Nilimwonea wivu mpaka herufi ya mwisho ya jina langu.